Walikuandika Umehama

Mpendwa Senje,

Kwenye data yetu wewe, shangazi yangu, hujafa. Umehama. Nimeliona neno hilo kwa macho yangu, limeandikwa kwenye safu ya mwisho, na baada yake hakuna kitu tena, kwa sababu mtu akishahama hakuna anayemuuliza lolote. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha kompyuta pale chuoni, wenzangu wanacheka mambo yao kando yangu, nami nikabaki nakutazama hapo ulipo, mstari mmoja kati ya mistari mingi ya mtaa wetu wa Kabiro, Kawangware. Majina yalikuwa yameondolewa, ndivyo sheria inavyotaka. Lakini ni mwanamke gani mwingine wa pale, fundi wa kushona, chumba kimoja, anayeishi na mtoto wa kaka? Na mimi nilikuwepo, mstari wa chini yako. Mtoto wa kaka, mwanafunzi. Mimi pia wameniandika nimehama, ila mimi kweli nilihama.

Najua barua hii haikufikii. Naiandika hadharani kwa sababu wako wengine walioandikwa kama wewe, na jamaa zao wanaishi humu humu Nairobi, huenda hawana habari. Tena, kusema kweli, naiandika kwa sababu nimekukumbuka mno mwaka huu, na hakuna mtu wa kumwambia ambaye hatanijibu kwamba siku nyingi zimepita.

Unakumbuka siku walipokuja mara ya kwanza? Vijana wawili wenye tisheti zinazofanana, kila mmoja na kishikwambi mkononi. Ploti nzima, wapangaji wote, ilijifungia ndani ikidhani ni watu wa stima wamekuja kukata nyaya. Wewe ulikuwa na pini mdomoni, hukuweza kuwafukuza, wakaingia. Walieleza kwamba watafuata afya za watu wa Kabiro kwa miaka mingi, watakuwa wanarudi kila baada ya miezi kadhaa kuuliza nani amezaliwa, nani amehamia, nani ameugua, nani amefariki. Ukatema pini mkononi ukawauliza kama wana soda. Walipomaliza, mmoja akaandika nambari juu ya mlango kwa wino mzito.

Ile nambari uliipenda, Senje. Landilodi alipoleta fundi wa rangi, ulimsimamia yule fundi kama polisi mpaka akaizunguka, ikabaki ndani ya kipande cha rangi ya zamani, samawati katikati ya kijani. Majirani wakakucheka. "Hiyo ni adresi yangu," ukawaambia. "Mnafikiri ni nyinyi tu mnajulikana Nairobi?"

Yule kijana mrefu ndiye aliyezoea kurudi. Ulimwita Kijana wa Simu Kubwa. Ulikuwa ukimwekea chai kabla hajaketi, na kabla hajafungua mdomo unamwanzia wewe: "Leo sijakufa. Andika hivyo, sijakufa." Naye alikuwa akicheka, anaandika. Akishaondoka unaniangalia kutoka kwenye cherehani unaniambia hiyo ndiyo kazi nzuri, kuzunguka ukiuliza watu kama wako hai. Nikikwambia ni kazi ya kuchosha miguu, unasema kushona nako kunachosha miguu na hakuna anayekupa chai. "Soma hiyo, Kageha." Ulisema hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuamini ni mimi niliyeichagua.

Baba aliponileta kwako kutoka Kibera, mama alipokwenda zake, nilidhani nitakaa wiki mbili tatu. Baba ni fundi wa mbao, karakana yake ndogo iko karibu na Ayany, na chumba chake kilikuwa kimejaa mbao na maranda hata pa kumlaza mtoto hapakuwepo. Wewe ulisogeza majora ya vitambaa, ukasema panatosha. Hukuwa na mtoto wako, na hukuwahi kunieleza kwa nini, nami sikuwahi kukuuliza. Kazi yangu ilikuwa pasi ya makaa. Nilisimama mlangoni nikiipunga mpaka makaa yawe mekundu, halafu nakupa, nawe unanyoosha sketi na kaptura za shule, Januari baada ya Januari, mpaka chumba kinanuka sufu iliyoungua. Upindo uliuacha mrefu kupita wa mafundi wengine, ili sare ifuate mtoto darasa hadi darasa. Sketi yangu mwenyewe ilikuwa na alama za pindo za zamani, nikaionea aibu. Ukaniambia hizo alama zinawaonyesha watu kwamba kwa Senje wako unakula.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunatembea kwenda kumwona Baba, tunavuka Ngong Road, tunashukia Olympic. Mwanzoni mimi ndiye niliyekukimbilia nyuma. Kisha ukaanza kusimama. Ulisimama kwenye vibanda vya mitumba, unachukua koti, unaligeuza ndani nje, unakagua mshono na kumsuta aliyeshona, huku muuzaji akinuna. Mimi nilisimama pembeni nikicheka. Nilidhani unakagua mshono. Ulikuwa unatafuta pumzi, Senje, na ulikuwa na kiburi cha kutotaka kuonekana unaitafuta.

Miguu ilipovimba ulisema ni cherehani ya kukanyaga. Nani angebisha? Ulikuwa umeikanyaga tangu kabla sijazaliwa. Ulipoanza kulala umeketi, umeegemea majora, ulisema ni vumbi la vitambaa linakuziba. Kijana wa Simu Kubwa alikuuliza kama una kikohozi, ukasema kidogo. Akauliza kama una homa, ukasema hapana. Swali la miguu hakuwa nalo. Alikunywa chai yake, akaandika hujafa, akaenda.

Halafu ikaja ile simu ya Baba na Guku, mama yako. Wakakubaliana uende nyumbani Vihiga ukapumzike. Ploti nzima ilijua maana yake na hakuna aliyeisema. Kwa watu wetu walioko Nairobi, mgonjwa anapelekwa nyumbani angali anaweza kuketi kwenye kiti cha basi, kwa sababu safari ya maiti ni nzito na kila mtu ameshaiona. Mama Brayo wa mlango wa pili akaleta blanketi yake nzuri na thamosi ya uji. Wewe ulifunika cherehani kwa shuka, ukachomeka ncha za shuka chini ya meza, ukasema asiiguse mtu kwa sababu kuna nguo za watu hazijaisha. Ulitoka na blanketi na thamosi. Kila kitu kingine ulikiacha. Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza Form Four, nikafuatana nawe.

Sitaki kuandika yote ya kule. Nitaandika hili moja. Ulikuwa umeketi kwenye kiti cha Guku karibu na dirisha, mvua imetoka kupiga mabati, shamba lote linang'aa. Watu walikuwa wamejaa, wajomba, wazee wa kanisa. Ukaniita kwa mkono, nikainama.

"Kageha, nirudishe Kabiro."

Guku akasikia. Akakwambia kwa upole kwamba uko kwenu, kwenu ni wapi tena kupita hapa? Ukasema tena, na safari hii chumba kizima kilisikia. "Kabiro. Niko na nguo za watu." Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni homa inaongea, tumwombee. Wakakuombea. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika paji la uso wako tangu asubuhi, na lilikuwa baridi. Haikuwa homa. Ulikuwa unasema ulichotaka. Ningekurudisha na nini, msichana wa Form Four, kwa mguu? Ulikufa asubuhi, maji ya chai yakiwa bado jikoni, tukakuzika chini ya migomba ambako Guku anaweza kukuona akiwa mlangoni.

Haya ya Kabiro niliyasikia baadaye kwa Mama Brayo mwenyewe. Anasema Kijana wa Simu Kubwa alirudi kama kawaida yake, akasimama chini ya nambari yako, akabisha. Akafungua mama mgeni, binti mdogo tu, amebeba kitoto cha wiki chache. Kijana akauliza Fundi yuko wapi. Mama Brayo alikuwa anaanika nguo. Baba alikuwa ameshampigia simu kwamba umefariki, alijua vizuri. Akajibu yeye, kutoka pale kwenye kamba: "Alihama. Alienda home, ako tu sawa." Kijana akashukuru, akaandika.

Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa sauti ambayo sikuipenda. Yeye akanishika mkono na mikono yake yenye sabuni.

"Ningesema aje, Kageha? Huyo msichana alikuwa ametoka tu hosi na mtoto. Nimwambie mama wa hapo alitoka mgonjwa akakufa? Angelala hapo kweli?"

Sikuweza kumkasirikia. Wewe mwenyewe ungesema hivyo hivyo. Ungesema na ukampelekea supu.

Basi nikasoma, Senje. Ulitaka nisome, nikasoma. Shahada ya kwanza ilikuwa ya hesabu na takwimu, na sasa niko kwenye uzamili, epidemiolojia na takwimu za afya. Watu wakiniuliza ni nini nawaambia ni kuhesabu magonjwa: yanampata nani, wapi, na kwa nini si jirani yake. Wanaitikia kwa kichwa, halafu wananiomba dawa ya mgongo. Sisi wanafunzi wa uzamili tunaishi kwa kuvizia nafasi za utafiti. Zinabandikwa ubaoni, zinatumwa kwenye WhatsApp, na kila moja inapotoka tunaikimbilia wote kama watoto wa ploti wakisikia gari la aiskrimu. Mwaka huu zilitoka mbili. Ya kwanza ilikuwa kiti: unapewa meza, kompyuta, na data iliyokwisha safishwa, unafanya uchambuzi, jina lako linatokea kwenye makala pamoja na majina ya wakubwa. Ya pili ilikuwa fungu dogo la fedha kwa mwanafunzi anayetaka kwenda kuuliza jambo lake mwenyewe mitaani. Kila mtu alitaka kiti. Nilikipata mimi. Nilimpigia Baba simu, akanyamazisha msumeno wake ili anisikie vizuri.

Ni kwenye kiti hicho nilipokukuta.

Maagizo yalikuwa wazi. Waliohama tunawaacha pale tulipowaona mwisho, tena wakiwa wazima, na tunahesabu kwamba huko waliko wanaendelea sawa na wale waliobaki. Ndivyo inavyofanywa kila mahali, wala si kosa la mtu. Nikamwendea Profesa anayenisimamia, mtu mpole asiyependa mbwembwe, nikamuuliza: na kama walihama kwa sababu ni wagonjwa? Akavua miwani. Akaniambia watu wengi wa Kibera na Kawangware wanahama kwa sababu ya kodi, au kazi, au landilodi, na ni kweli. Nikamwambia watu wetu wanapelekwa nyumbani wakiwa wameshazidiwa, na tukiwaandika wamehama, basi mtaa unabaki kwenye karatasi na watu wenye afya tu, na hakuna atakayeuliza wanakufa kwa nini. Nikamwambia kukuhusu.

"Pole sana, Kageha," akasema. "Lakini siwezi kupima uchungu wako. Niletee kitu ninachoweza kupima."

Nilitoka hapo nimekasirika, nikafika kwenye ngazi hasira ikaisha, kwa sababu alikuwa sahihi. Nikakiacha kiti. Nikaomba lile fungu dogo. Wenzangu walisema nimerogwa. Baba alisikitika kabisa. Aliniuliza kama amenisomesha niache meza nirudi kugonga milango Kibera, nikamwambia ni kwa ajili yako. Akarudi kwenye mbao zake. Jioni akanitumia ujumbe: "Sawa. Uvae viatu vya kufunga."

Tulikwenda wawili, mimi na Akinyi, mwanafunzi mwenzangu. Akinyi ni wa watu wa ziwani, amelelewa Kibera, siku hizi anakaa Ayany. Tulikuwa na ruhusa ya mradi kuzifuata nyumba ambazo mtu aliandikwa amehama. Mwanzo ulikuwa mbaya. Tukiuliza fulani yuko wapi, tunaambiwa amehama. Alihamia wapi? Home. Yuko salama? Ako poa. Wanasema kwa adabu huku wanatuangalia viatu. Ukisikiliza sana unasikia kuna kimya kidogo kabla ya hilo "poa," lakini kimya hakijazwi kwenye fomu. Akinyi alianza kusema tutafute mada nyingine kabla fungu halijakwisha.

Siku moja tulikuwa karibu na Olympic, tumekaa kwa mama mmoja wa chapati ambaye alikuwa ameshatuambia mara mbili kwamba jirani yake alihama, ako poa. Nilikuwa nimechoka. Sijui kilichonifanya nikumbuke ile shuka yako juu ya cherehani. Nikamuuliza tu, wala si kwa ajili ya utafiti: "Alienda na nini?"

Mama akaacha kusukuma chapati.

"Na begi tu," akasema. "Kitanda chake ndicho ninalalia."

Halafu akaketi kwenye ndoo yake akaanza kutusimulia, na chapati moja ikaungua hakuigeuza. Senje, ndivyo tulivyolipata swali letu. Mtu anayehama Nairobi anahama na kitanda, na meko, na karai, na kufuli ya mlango. Hata balbu anaifungua anaenda nayo, wewe mwenyewe ulinifundisha nifungue balbu. Lakini anayeondoka mgonjwa anaacha vyote, kwa sababu wanaomsindikiza wanambeba yeye. Majirani wanaweza kukuficha kifo kwa roho nzuri. Hawafikirii kuficha kitanda. Tukarudi kwa zile nyumba zote, tukauliza aliondoka na nini, na milango ikafunguka. Wengine walikuwa wamehama kweli, wako wazima huko Rongai na Kayole, tukawapigia simu wakacheka. Na wengine walikuwa kama wewe. Nilimpelekea Profesa swali hilo. Akalisoma, akalisoma tena, akasema hilo linapimika, na tangu siku hiyo ndilo tunaloanza nalo.

Kisha ikafika zamu ya nyumba yako.

Kila tunapokuta kwamba mtu alifariki, tunamtafuta aliyemuuguza tunamhoji jinsi alivyougua. Majibu yanasomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, waseme wanaona aliuawa na nini. Aliyekuuguza ni mimi. Profesa akasema siwezi kuuliza na kujibu mwenyewe, na majibu yangu nisiyaguse tena nikishayatoa. Akinyi ndiye atakayenihoji. Tukafanya Jumamosi mchana, nyumbani kwake Ayany, watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani.

Akinyi alikaa kitako, akaacha kuniita Kageha. Akanisomea kwamba nina haki ya kukataa swali lolote na kuacha wakati wowote, maneno ambayo mimi nimewasomea watu mpaka nayaota. Akasema pole kwa kumpoteza mpendwa wako. Tukacheka kidogo, hatukujua pa kuangalia. Halafu akaanza. Alikuwa na homa? Hapana. Alipungua uzito? Hapana. Alikuwa na uvimbe wa miguu? Ndiyo. Alipata shida ya kupumua akitembea?

Nikamwambia habari ya mitumba. Nikamwambia ulivyokuwa ukigeuza yale makoti.

"Aliweza kulala chali?"

"Alilala ameketi," nikasema, na hapo nikashindwa. Maswali yale nayajua kwa moyo, Senje. Najua kila jibu linaelekea wapi. Nilikuwa nimeyauliza kwa wengine lakini sikuwahi kuyajibu kwa mpangilio ule, moja baada ya jingine, mpaka ukatokea mbele yangu mgonjwa wa waziwazi, mgonjwa ambaye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemtambua. Nililia sana. Nililia kuliko siku ya kukuzika, kwa sababu siku ile nilidhani ni Mungu tu. Akinyi akaweka kishikwambi chini, akasema tuache. Nikamwambia hapana, uliza.

Swali la mwisho ni la makazi. Alikufa wapi ni swali moja, na alikuwa mkazi wa wapi ni jingine, na hilo la pili ndilo linaloamua kifo chako kitahesabiwa cha mahali gani. Unaliona lilivyo gumu? Guku mpaka leo anasema binti yake ni wa Vihiga, Nairobi alikuwa anatafuta riziki tu. Wewe pia ulisema hivyo ukiwa mzima. Ukiulizwa kwenu unasema Vihiga, kura ulikwenda kupigia kule, hata kitambaa cha pazia la harusi ya binamu ulishona ukapeleka kule. Nikisema Vihiga hakuna atakayenilaumu, na Guku atafurahi. Lakini utakuwa umekufa Vihiga, na Kabiro itabaki haina mtu aliyekufa kwa lile lililokuua, na mama mwingine aliyevimba miguu kwenye cherehani hataulizwa miguu yake.

"Makazi ya kawaida ya marehemu?" Akinyi akauliza tena, polepole.

"Kabiro," nikasema.

"Uko sure? Si alizikwa Vihiga?"

"Kabiro. Alisema mwenyewe."

Madaktari wote wawili waliandika kitu kimoja. Moyo ulioshindwa kazi, na chanzo chake huenda ni presha iliyokaa miaka bila dawa. Presha, Senje. Vidonge vyake vinatolewa kwenye kituo cha afya ambacho tulikuwa tunakipita kila Jumapili tukienda kwa Baba. Wangekufunga ule mkanda mkononi, ungewasumbua kwa maswali, ungerudi na vidonge vyako kwenye mfuko wa plastiki. Labda ungekuwa umeketi hapo sasa unanikosoa Kiswahili changu. Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Nikitazama huku na huku naona watu waliokupenda tu, kila mmoja akifanya alichoona ni chema, nawe ukaondoka katikati yao.

Juzi msimamizi wa mradi alikwenda Kabiro kurekebisha, nami nikaruhusiwa kufuatana naye, nisiseme kitu. Mlango umepakwa rangi upya, nambari yako haipo. Kile kitoto sasa kinasoma chekechea, kimenivuta kamba ya kiatu. Msimamizi akauliza tena, kama inavyotakiwa, ni nini kilichompata mama aliyekuwa akiishi hapa. Yule binti akamwangalia Mama Brayo. Mama Brayo akamwangalia yule binti muda mrefu, halafu akafuta mikono kwenye leso.

"Alikufa," akasema. "Alikuwa fundi. Alikuwa anashona hapo unaweka kitanda."

Binti akageuka akapatazama mahali penyewe. Akasema pole, akatuvutia stuli. Hajahama, nimeuliza.

Cherehani yako iko karakana kwa Baba, bado ina shuka. Nguo za watu zilirudishwa kwa wenyewe, Mama Brayo alizimalizia kwa mkono, mshono wake ungekuudhi. Kazi yangu ya uzamili itasomwa na watu wachache, na sijui kama itabadilisha kitu. Nimeomba kwenye sura ya mwisho kwamba wale vijana wawe na swali la miguu.

Ulizoea kumwambia yule kijana aandike hujafa. Nisamehe, Senje. Tumeandika umekufa. Na mbele yake, pale palipokuwa patupu, tumeandika Kabiro. Uliniomba nikurudishe, na hii ndiyo njia pekee niliyoipata.

Lala salama, Fundi.

Ni mimi,
mtoto wa kaka, mstari wa chini yako.